Safari ya Kolelo: Walipoufuata Mto Hadi Mlimani

WATU husafiri kwa sababu nyingi. Wapo wanaosafiri kutafuta kazi, wapo wanaokwenda kuwajulia hali wagonjwa au kuhani misiba, na wapo wachache wenye nafasi ambao husafiri ili kupumzika tu. Lakini iko safari ya namna nyingine, ambayo ni kongwe kuliko hizo zote. Nayo ni safari ya mtu aendaye mahali patakatifu kutafuta jibu la jambo lililomshinda nyumbani.

Ndugu msomaji, huenda umepata kusikia habari za nchi ya Peru, huko Marekani ya Kusini. Katika milima ya Andes kuna mji wa mawe uitwao Machu Picchu, uliojengwa na Wainka katika karne ya 15. Wainka waliiheshimu milima mirefu kama mabwana, kwa kuwa huko juu ndiko yalikotoka maji ya kunyweshea mashamba yao. Mwaka 1983 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na leo wageni kutoka kila upande wa dunia hulipa fedha nyingi ili waongozwe hadi kwenye mahekalu na chemchemi za Wainka, wapate, kama wasemavyo wenyewe, utulivu wa roho.

Si vibaya kuyastaajabia ya Peru. Lakini mkazi wa Dar es Salaam, Kibaha au Morogoro hana haja ya kuvuka bahari ili akutane na mlima ulioheshimiwa na watu waliousafiria kwa miguu. Safari hiyo yaweza kuanzia Mlandizi. Na kama unakaa Kimara au Mbezi, basi sehemu ya safari hiyo hufika jikoni mwako kila unapofungua bomba.

MLANDIZI NA MTO WAKE

Mlandizi ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, kiasi cha kilometa 60 kutoka Dar es Salaam, katika barabara kuu iendayo Morogoro. Abiria wengi wa mabasi huujua kama mji wa kupita tu. Basi husimama, wachuuzi husogeza vikapu vya matunda madirishani, dereva hupiga honi, na safari huendelea. Baada ya hapo barabara huteremka kuelekea bonde la mto Ruvu, na msafiri aliyesinzia huvuka daraja bila kujua kwamba amevuka mto unaomnywesha.

Karibu na Mlandizi ndipo ulipo mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Ulijengwa mwaka 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kwa miaka mingi uwezo wake ulikuwa lita milioni 82 kwa siku. Baada ya upanuzi uliozinduliwa mwaka 2017, uwezo huo ulipanda hadi lita milioni 196. Maji yake hupelekwa Mlandizi kwenyewe, Kibaha, Kibamba, Mbezi, Kimara na kwingineko. Mwenzake, mtambo wa Ruvu Chini ulioko upande wa Bagamoyo, huweza kutoa lita milioni 270 kwa siku. Mitambo yote miwili huchota mto ule ule mmoja.

Na mto huo unatoka wapi? Unatoka katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupita juu ya tambarare za Uzaramo zikiwa na unyevu, zikagonga ukuta wa milima hiyo, zikapanda, zikapoa na kuangusha mvua. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Msitu huupokea ukungu, huyahifadhi maji katika udongo wake, kisha huyaachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Hivyo ndivyo Ruvu uishivyo.

Wazee wa Uzaramo hawakuwa na chombo cha kupimia mvua. Hata hivyo walijua ni mlima upi wa kuusafiria inapokosekana.

WAZARAMO NA MLIMA WA WAZEE WAO

Ukiiacha barabara kuu hapo Mlandizi na kushika njia ya kusini, utavuka reli, utaingia Wilaya ya Kisarawe na kufika Mzenga, kisha Maneromango. Hii ndiyo nchi ya Wazaramo: vilima vidogo, minazi, mikorosho, mihogo, na udongo ambao sehemu nyingi ni wa kichanga. Udongo wa namna hiyo hauvumilii ukame. Mvua ikichelewa, mpunga hukauka bondeni, na mahindi husimama bila kubeba.

Zamani, mvua ilipokosekana, watu walianza na walio karibu nao. Walifagia makaburi ya wazee, wakatambika, wakaomba. Jambo lilipozidi kimo cha mizimu ya nyumbani, shingo ziligeuzwa kuelekea magharibi, kwenye milima, kwa Kolelo.

Haikuwa safari ya kwenda ugenini. Masimulizi ya Wazaramo yasema kwamba wao wenyewe walitoka pande za Uluguru, na kwamba Pazi Kilama ndiye aliyewaongoza kuteremka pwani na kuwafukuza Wakamba waliokuwa wakiwasumbua Washomvi. Kwa hiyo Mzaramo aliyefunga safari kwenda Kolelo alikuwa akirudi katika nchi ya asili yake. Aliufuata mto kinyume na mkondo wake, na kwa kufanya hivyo aliifuata pia njia waliyoijia wazee wake.

KOLELO NI NANI?

Habari za Kolelo ziliandikwa na mmisionari Mjerumani, Martin Klamroth, aliyefanya kazi Uzaramo mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchapisha aliyoyasikia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hakuwa muumini wa Kolelo, na kazi yake ilikuwa kuwageuza watu waiache imani hiyo. Lakini aliyoyaandika ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema tulizo nazo juu ya jambo hili.

Yasimuliwa kwamba Kolelo alijitokeza kwa mwanamke wa ukoo wa Mlali katika umbo la nyoka mkubwa, akamfanya kuwa mkewe. Akaagiza kwamba watu wa ukoo huo ndio watakaomtumikia katika pango lake. Akasema kuwa ametumwa na Mungu kuja kutengeneza yaliyoharibika duniani.

Msomaji na azingatie mambo mawili katika simulizi hili. La kwanza ni kwamba utumishi wa mahali patakatifu umekuja kwa njia ya mwanamke. Hilo halikutokea hivihivi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na haki ya ardhi nayo hufuata ukoo huo. Simulizi la pangoni laeleza, kwa lugha yake, ni nani mwenye dhamana ya nchi.

La pili ni kazi ya Kolelo. Mwenyeji huyu wa pangoni hatajwi kwanza kama mtoa mali wala mshindi wa vita. Kazi yake ni kutengeneza kilichoharibika. Aliyekwenda kwake alikuwa amekiri, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba kuna jambo limeharibika.

Safari ilikuwa ya siku kadhaa kwa miguu. Waliokwenda kuomba mvua hawakwenda kujiombea nafsi zao peke yao, kwani mvua hainyeshi katika shamba la mtu mmoja tu. Walipofika hawakujiingilia pangoni. Palikuwa na mtumishi wa ukoo wenye dhamana, naye ndiye aliyepokea ombi na kulifikisha. Jibu, yasemekana, lilisikika kama mngurumo kutoka ndani ya pango, na mtumishi ndiye aliyelifasiri. Hivyo basi, kuongozwa hadi mahali patakatifu si biashara iliyobuniwa juzi na mawakala wa utalii. Hapa kwetu kiongozi wa safari ya roho alikuwapo tangu zamani, naye alikuwa na mamlaka ya kumwambia mgeni asubiri nje.

MWAKA 1905

Kuna nyakati ambapo lililoharibika lilikuwa kubwa kuliko ukame. Mwaka 1905, chini ya utawala wa Kijerumani, watu wa kusini na pwani walikuwa wamechoka kodi, viboko na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ya dawa, na makundi kwa makundi yalimiminika kwake. Mwishoni mwa Julai pamba iling'olewa huko Nandete. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Katika Uzaramo na Uluguru ujumbe ulienea kwa jina la Kolelo. Klamroth aliandika kwamba watu waliambiwa Kolelo amekataza kuwalipa wageni kodi, na kwamba risasi za askari zingegeuka maji. Watu waliojua mahali pa kupeleka ombi la mvua, sasa walipeleka huko ombi la uhuru. Sote twajua kilichofuata. Risasi hazikugeuka maji, na njaa iliyoletwa na vita iliua wengi kuliko bunduki. Miongoni mwa viongozi wa Kizaramo walionyongwa na Wajerumani ni Kibasila, ambaye jina lake limepewa shule mojawapo ya jijini Dar es Salaam.

Tusiitaje safari ya Kolelo kama hadithi ya kupumbaza watoto. Njia hiyo ilipitisha maombi ya chakula, na safari moja ilipitisha pia ghadhabu ya watu waliodhulumiwa.

NJIA YA LEO

Leo safari ni rahisi zaidi. Kutoka Mlandizi waweza kupanda basi, ukapita Chalinze hadi karibu na mji wa Morogoro. Ukipenda garimoshi, reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 ina vituo vya Soga na Ruvu katika Wilaya ya Kibaha. Kabla ya kuingia mjini Morogoro, hapo Bigwa, barabara nyingine huchepuka kusini na kuzunguka mguu wa mashariki wa milima kupitia Mkuyuni, Matombo na Mvuha.

Hapo, msomaji, weka gazeti chini utazame dirishani. Migomba imeshuka hadi ukingoni mwa barabara. Vijito hukata njia kila baada ya muda mfupi, na maji yake ni maangavu, tofauti kabisa na yale mazito ya rangi ya udongo upitayo juu yake pale darajani Ruvu. Wakazi wa huku hulima ndizi, viazi, machungwa na viungo kama karafuu na pilipili manga, katika miteremko ambayo mtu wa tambarare angeogopa hata kuipanda.

Juu kidogo, upande wa Kinole, ndiko yalikokuwa makao ya Kingalu, cheo cha watawala wa Kiluguru waliosifika vizazi hata vizazi kwa kuleta mvua. Matombo nako kuna vilele viwili vya mawe vinavyosimama bega kwa bega. Jina la mahali hapo kwa Kiluguru lina maana ya maziwa ya mama, na anayevitazama vilele hivyo haulizi kwa nini. Mbele zaidi, njia za udongo hupanda kuelekea Kolero, kata ya Wilaya ya Morogoro ambayo ingali inabeba lile jina la zamani, kwa tofauti ya herufi moja tu.

Anayekwenda huko asiende kama aendaye sokoni. Aanze kwa uongozi wa kijiji, na viongozi wampeleke kwa wazee. Avue viatu akiambiwa avue, anyamaze akiambiwa anyamaze, asipige picha bila ruhusa. Akiambiwa kwamba mahali fulani hapafikiwi na mgeni, basi arudi alikotoka kwa adabu. Kukataliwa nako ni sehemu ya safari, na huenda ndiyo sehemu itakayomfundisha zaidi.

Mfano mzuri tunaupata kwa jirani zetu wa Kenya. Katika Kaunti ya Kwale, karibu na Diani, Wadigo wanao msitu mtakatifu uitwao Kaya Kinondo. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wa Kinondo hupokea wageni, lakini kwa masharti yao wenyewe. Mgeni hujifunga kitambaa cheusi, huvua kofia, na haruhusiwi kuchuma wala kuondoka na chochote, hata jani lililoanguka. Fedha anayolipa huwasaidia wanakijiji, na msitu hubaki salama.

MIIKO NA AMRI

Baadhi ya wasomaji watauliza: Je, sisi tulio Waislamu na Wakristo tuna nini na pango la nyoka? Swali hilo ni la haki. Wazaramo walio wengi leo ni Waislamu, na Matombo yenyewe ina misheni ya Kikatoliki tangu karne ya 19. Hakuna anayekutaka ubadili dini yako. Linalotakiwa ni kuelewa kazi iliyofanywa na miiko.

Mwiko ulisema msitu wa tambiko haukatwi. Aliyeutii hakulipwa mshahara, wala hakuwekewa askari wa kumlinda. Aliutii kwa sababu aliamini kwamba mti ule na mvua ile ni kitu kimoja, na kwamba ukoo wake ungeulizwa.

Linganisha na yaliyotokea baadaye. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Uluguru unamomonyoka, na katika hilo haikukosea. Ikawaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa ngumu, katika udongo mwingi matuta hayakufaa, na wenye ardhi hawakuulizwa. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga; polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Matuta yakaachwa. Lengo lilikuwa lile lile la kuilinda nchi. Tofauti ni kwamba mwiko ulikuwa wa watu wenyewe, na amri ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 24,000. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo tangazo la serikali huhitaji kukaa moyoni mwa watu kama mwiko ulivyokaa, la sivyo shoka litapita usiku.

DENI LA MJI

Mwezi Oktoba 2022, wakazi wa Dar es Salaam na Pwani walikumbushwa jambo hili kwa uchungu. Mvua zilikuwa haba, maji ya Ruvu yakapungua, na uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama lita milioni 300. Mgawo ukatangazwa. Akina mama waliamka usiku kukinga maji yalipotoka. Vijana wa mikokoteni wakauza madumu kwa bei waliyoitaka. Mafundi na wafanyakazi wa viwandani walikwenda kazini bila kuoga. Mwezi uliofuata mkataba wa ujenzi wa bwawa la Kidunda ulitiwa saini. Bwawa hilo liko juu ya mto huo huo, na limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili maji ya masika yasaidie wakati wa kiangazi.

Bwawa ni kazi ya lazima, na mhandisi anastahili heshima yake. Lakini bwawa huhifadhi tu kile ambacho mlima umelipa. Mlima ukivuliwa msitu, masika yataleta tope bwawani, na kiangazi hakitaleta kitu.

Katika siku za mgawo, lawama zilielekezwa kwa mamlaka ya maji, kwa mabomba, na kwa mbingu. Wazee wa Maneromango wangefanya jambo moja ambalo sisi wa mjini hatukulifanya. Wangeuliza ni nini kimeharibika, na wangemtuma mtu mlimani akatazame.

Nasi twaweza kutuma watu. Mwalimu wa shule ya Kimara au Kibaha anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwanza Mlandizi, wauone mtambo unavyochota mto, kisha Matombo, waone mto huo ukiwa bado kijito. Chama cha wafanyakazi kinachopanga matembezi ya mwisho wa mwaka kinaweza kuiacha fukwe kwa mara moja, kikawalipa vijana wa Kiluguru kuwa viongozi wa njia. Baba na mama wanaweza kuwaketisha watoto na kuwaeleza kwamba maji hayazaliwi bombani.

Na ukifika huko, ndugu msomaji, usisahau kumsalimia mkulima wa mteremkoni aliyeacha mti usimame ukingoni mwa kijito, ijapokuwa angeweza kuukata na kupanda mgomba. Kila mti anaouacha umesimama ni maji kwa mtu wa tambarare asiyemjua hata kwa jina. Wazee wetu waliokwenda Kolelo hawakwenda mikono mitupu, kwa kuwa walijua kwamba anayeishi mbali na chemchemi ana deni kwa anayeilinda. Deni hilo halijafutwa. Sisi tunaokunywa maji ya Ruvu leo tu wengi kuliko wao, na kwa hiyo ni kubwa zaidi.